Mickey Mouse Alifikaje Kutulo? Stori Nzima ya Katuni za Ukutani Huku Kwetu

Kama hujawahi kufika Kutulo, wacha nikupe ramani kwanza. Unatoka Garissa, unapita Wajir, unapita Tarbaj, unakula vumbi hadi unazoea, na kabla ufike El Wak basi inasimama. Hapo ndipo. Wengine huandika Kotulo, usichanganyikiwe, ni mji mmoja. Mpaka wa kaunti ya Wajir na ya Mandera uko hapo, na umezua ubishi wa miaka na miaka ambao mimi sina nguvu ya kuufungua leo.

Nilishuka na begi moja na kiu ya watu watatu. Wa kwanza kuniangalia hakuwa ngamia wala askari. Alikuwa jamaa wa ukutani. Masikio mawili ya duara. Kaptura ilikuwa nyekundu kitambo, sai ni pinki. Glavu nyeupe zimegeuka rangi ya vumbi. Mdomo unacheka vizuri, lakini macho hayajakubaliana: moja linaangalia Wajir, lingine linaangalia Mandera.

Mickey Mouse. Kutulo. Chini yake mbuzi wawili wamejificha jua.

Ilikuwa nasari. Nikapiga picha, nikaitupa WhatsApp, na kabla chai ipoe simu ilikuwa imejaa. Msee wa Garissa ananitumia Mickey wa mtaa wao. Manzi wa Eastleigh ananitumia Donald Duck mwenye shingo ya twiga. Mwingine yuko Kisumu, ana Tom na Jerry kwa geti ya shule aliyosomea, na anasema Jerry ni mkubwa kuliko Tom. Ukifikiria vizuri, na wewe unayesoma hii unaye wako. Nasari yako ilikuwa na nani? Usiniambie hakukuwa na mtu.

Kwa hivyo nikaamua kufuatilia. Huyu panya amefika aje huku, nani anamchora, anaruhusiwa kweli, na kwa nini hakuna hata mmoja wa kwetu pale ukutani?

Kwa nini panya?

Jibu fupi: ju anachoreka.

Mickey alitambulishwa kwa dunia kwenye filamu fupi, Steamboat Willie, Novemba 18, 1928. Walt Disney ndiye jina unalojua, lakini mkono uliomchora hasa ulikuwa wa msee anaitwa Ub Iwerks. Wakati huo katuni ilichorwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, maelfu, ndio sekunde chache zitembee. Hakuna mtu alitaka mhusika mwenye manyoya mia. Walitaka duara. Kichwa duara, masikio duara, tumbo kama peasi, miguu kama mipira ya maji.

Na cheki hii kitu, ukishaiona hutaiwacha: Mickey akigeuza kichwa, masikio hayageuki. Yanabaki duara mbili popote anapoangalia. Glavu nazo zilikuja 1929, ju mwili ulikuwa mweusi na mikono ilikuwa inapotea kwa kifua. Hakuna siri kubwa, ilikuwa njia ya kurahisisha kazi.

Sasa hiyo hesabu ya 1928 ndiyo inamsaidia fundi wa Kutulo leo. Fundi hana mashine ya kurusha picha ukutani. Ana sufuria kubwa, sufuria ndogo na kifuniko. Anazungusha chaki mara tatu, tayari mtoto wa miaka minne anajua ni nani. Jaribu kufanya hivyo na mhusika wa katuni za siku hizi, wale wenye nywele za kompyuta. Utatoka na jini.

Tom na Jerry wana sababu nyingine. William Hanna na Joseph Barbera waliwatoa 1940, na karibu wakati wote hawa wawili hawaongei. Wanafukuzana tu. Kwa darasa la Kutulo hiyo ni dhahabu. Mtoto mmoja nyumbani kwao wanaongea Kisomali, mwingine Kigarre, mwingine Kiborana, halafu mwalimu anaingia na Kiswahili na Kiingereza. Paka anayemfukuza panya hahitaji kutafsiriwa. Watoi hata hawasemi Tom na Jerry. Wanasema bisad na jiir, paka na panya, kwisha.

Kuta zetu zilianza kuongea kabla ya Mickey

Watu wa Nairobi wakisikia michoro ya ukutani wanafikiria grafiti, mathree na wasee wa makopo ya kupuliza. Huku kwetu chanzo ni duka.

Tembea Garissa sokoni, ama Wajir, ama uvuke mpaka hadi Mogadishu ambako hii kazi ni maarufu kabisa. Duka la nyama limechorwa ngamia na mbuzi. Duka la maziwa, kikombe kinachomwagika. Kliniki ya meno ina jino kubwa lenye mizizi hadi unaskia maumivu. Fundi simu amechora simu, kinyozi amechora kichwa, na hicho kichwa kila mara kina sura ya mtu aliyekasirika. Sijui kwa nini vinyozi wote wanachorwa wamekasirika.

Sababu yake ni ya kueleweka. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka wa 1972 tu. Na hata baada ya hapo, watu wengi wa bara hili la mifugo hawakupata shule. Kwa hivyo duka lilipaswa kusema linauza nini bila herufi. Mama ametoka malishoni na pesa yake, hajui kusoma, lakini akiona jino anajua ni hapa. Picha ilikuwa ndiyo kibao chenyewe.

Yule fundi aliyezoea kuchora ngamia wa duka la nyama ndiye huyo huyo anaitwa nasari ikijengwa. Na nasari zimejengwa. Katiba ya 2010 iliwapa magavana elimu ya chekechea, kaunti zikaanza kazi 2013, na tangu hapo madarasa ya watoto wadogo yameota kila mahali, na kila darasa jipya linataka ukuta wenye rangi. (Kutulo kaunti ni mbili, kwa hivyo ukiuliza ukuta ni wa nani, uliza polepole.)

Na hapa usifikirie ni urembo tu. Cheki ukuta vizuri: pembeni ya Mickey kuna A hadi Z, kuna 1 hadi 20, kuna ramani ya Kenya, kuna ng'ombe na maneno chini yake. Mwanzoni mwa 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, tume ya TSC iliwatoa walimu wengi wasio wenyeji kwa shule za Kaskazini Mashariki. Madarasa yakabaki na watoto bila mtu mbele. Hao walikuwa walimu wa msingi na sekondari, si wa nasari, najua. Lakini mahali ambapo mwalimu anaweza kuondoka Jumatatu asirudi, ukuta unaobaki na herufi si kitu ya kuchekea. Haupewi uhamisho.

Wacha nikwambie najuaje

Mimi ni mtoto wa Garissa. Kolej niliingia Nairobi, diploma, nikawacha semista ya tatu ju karo ilikuwa imekuwa kama deni la damu. Nikarudi nyumbani, na kabla nianze kuandika nilishika brashi. Rafiki yangu alikuwa amepata kazi ya kuchora nasari moja ya mtu binafsi, jina nitaliwacha. Ukuta mrefu, Mickey, Minnie, Donald, alfabeti, na samaki. Kwa nini samaki, mji uko na mto, fiti.

Tulikubaliana ngiri tisa, rangi juu yao. Siku ya kwanza rangi haikuja. Siku ya pili ikaja nusu, kopo la njano na kopo la bluu, tuchore Mickey wa njano na bluu. Tukaongeza nyeusi kwa mfuko wetu. Siku ya tano mwenyewe akaja, akamwangalia Donald, akasema anaonekana kama kuku. Alikuwa na haki kidogo. Lakini alitulipa ngiri nne, akasema zingine ni za huyo kuku. Hadi leo nikipita pale Donald yuko ukutani anafanya kazi kila siku, na ngiri tano zangu ziko kwa mtu.

Hiyo ndiyo shida ya kazi hii na hakuna mtu anaiongelea. Hakuna karatasi. Fundi anachora kwanza, bei inajadiliwa upya mwishoni, ju ukuta hauwezi kuubeba urudi nao. Ukitaka ushauri wa bure: chukua nusu kabla uguse chaki, na uandike kwa simu, ujumbe tu, rangi ni ya nani.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Unaanza kwa kusugua ukuta, msasa kama una bahati, ufagio kama huna. Unapaka nyeupe ya maji chini ili rangi zishike. Halafu unachukua picha kwa simu, unaigawa kwa miraba, tuseme sita kwenda kando na nane kwenda juu. Kwa ukuta unafanya miraba hiyo hiyo ikiwa mikubwa: watu wawili wanashika uzi uliopakwa chaki, mnauvuta, mnauachilia, pap, mstari umenyooka. Sasa hauchori Mickey tena. Unachora mraba mmoja mmoja, kile kilicho ndani tu. Ndio maana mtu ambaye hajawahi kuingia darasa la sanaa anaweza kutoa kitu kinachofanana.

Halafu kuna jua. Kutulo rangi inakauka kabla haijakubali kuenea, kwa hivyo mafundi wanafanya alfajiri na jioni. Rangi ya maji ni rahisi lakini inaanza kutoka unga. Ya mafuta inakaa, lakini ni ghali na inataka tina. Nyekundu ya bei ya chini ndiyo inapauka kwanza, hiyo ndiyo stori ya kaptura ya pinki. Nyeusi inabeba joto, inapasuka na kubanduka. Na Mickey ni mweusi. Kila baada ya miaka michache anapoteza masikio.

Ile swali la haki: mwenyewe akija je?

Hapa ndipo stori inakuwa tamu, shika kikombe.

1989, mji wa Hallandale, Florida, Marekani. Nasari tatu zilikuwa zimechora Mickey, Minnie, Donald na Goofy kwa kuta zao, wakubwa kama watu. Kampuni ya Disney ikaskia. Ikawaambia wafute, la sivyo wakutane kortini. Nasari, wasee. Za watoto. Wakafuta. Lakini washindani wakaona nafasi: Universal na Hanna-Barbera wakajitolea kuwapa wahusika wao bure, Flintstones, Yogi Bear na Scooby-Doo wakachukua nafasi kwa kuta hizo hizo. Disney ilishinda sheria, ikapoteza mechi.

Kwa nini Kutulo hawajaja? Ju mbali, ju hakuna pesa ya kufuata, na ju hawajui. Lakini usichanganye kutokamatwa na kuruhusiwa. Sheria ya Kenya ya hakimiliki, ya 2001, inalinda mchoro muda wote msanii akiwa hai, na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Walt Disney alikufa Desemba 1966. Ub Iwerks alikufa 1971. Fanya hesabu mwenyewe. Marekani wao wanahesabu tofauti, na kwao ule Mickey wa kwanza wa 1928, mweusi na mweupe, bila glavu, aliingia mikononi mwa umma Januari 1, 2024. Popeye wa 1929 akafuata Januari 1, 2025.

Lakini kuna mtego. Wahusika wa baadaye wana muda wao. Na kando ya hakimiliki kuna alama ya biashara, ambayo haifi mradi mwenyewe anaendelea kuitumia na kulipa. Ukichora panya wa 1928 kwa ukuta ni kitu kimoja. Ukimweka kwa fulana ili watu wafikirie Disney ndio wameitoa, hicho ni kingine. Tom na Jerry wako na mwenyewe, Warner Bros.

Na sasa geuza meza. Unajua Hakuna Matata? Maneno yetu, ya babu na bibi, ya kila mtu aliyewahi kukosa pesa Jumapili. 1994 filamu ya The Lion King ikatoka, na mwaka huo huo Disney wakaomba kusajili hayo maneno Marekani kama alama ya biashara kwa nguo. Wakapewa 2003. Watu wengi wa Afrika Mashariki hawakujua hadi Desemba 2018, kukazuka kelele mtandaoni, watu maelfu kwa maelfu wakasaini ombi la kupinga. Disney walijitetea kwamba usajili huo haumzuii mtu kuongea. Sawa, kuongea tunaongea. Lakini fikiria fundi wa Kutulo akitaka kuchapisha fulana zake zenye hayo maneno auze Marekani.

Kwa hivyo mtu akija kuniambia watoi wa Kutulo wameiba panya, nitamwambia tukae chini tuhesabu vizuri nani ana deni la nani. Hiyo si sheria, ni hasira yangu. Kortini usinitaje.

Shida ya karibu zaidi haitoki Florida

Inatoka msikitini, na nataka niiseme kwa heshima ju ni watu wetu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataza kuchora kiumbe chenye roho, mtu au mnyama. Wengine wanaruhusu vitu vya watoto, wakitaja hadithi ya Bi Aisha na wanasesere wake. Hizo rai mbili zote ziko, na kwa mji kama Kutulo zinakaa mtaa mmoja. Ukienda dugsi, watoto wana mbao zao za kuandikia Kurani, loox, na ukuta hauna chochote. Nasari iko hatua chache na imejaa panya.

Fundi niliyemkuta, mtu mzima, namuita abti na yeye ananiita abti, ju kwetu hilo neno linaenda na kurudi, ana njia yake. Haanzi kabla aongee na wazazi na sheikh. Wakikataa viumbe, anachora mti wa mgunga, kisima, herufi, maua, ramani. Wakikubali, anachora. Kuna ukuta mmoja walikubaliana nusu kwa nusu: wanyama upande wa ndani, nje ni herufi. Hajawahi kulazimisha na hajawahi kufutiwa. Mimi mtoto wa mjini ningebishana mwaka mzima.

Kinachomnyima usingizi ni kingine: bango la plastiki. Mashine Wajir inachapa jino, ngamia, Mickey mwenye macho yaliyonyooka, kwa saa moja. Na kampuni kubwa za simu zinapaka duka zima rangi yao bure, mwenye duka anafurahi, fundi anabaki kuangalia ukuta aliokuwa anaula. Maduka yanahepa mmoja mmoja. Nasari ndiyo kazi iliyobaki, ju ukuta wa nasari ni mkubwa na bango lake ni ghali.

Nairobi wao walipitia yao. 2004 sheria za Michuki ziliwapaka mathree wote mstari wa njano na michoro ikaanza kusakwa. Miaka kumi hivi, hadi mwisho wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema polisi wawache kusumbua nganya zilizochorwa. Leo nganya ikitoka bila mchoro inaonekana ni ambulensi. Na mwanzoni mwa 2012 Boniface Mwangi na wasanii wa grafiti walichora wanasiasa kama ndege wa mizoga katikati ya jiji, watu wakasimama kuangalia hadi barabara ikajaa. Huko mnyama wa ukutani alikuwa siasa. Kutulo bado ni herufi M ya Mickey.

Sasa wetu wako wapi?

Hii ndiyo ilinifanya niandike kabisa.

Tanzania walijibu hii swali mapema. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam 1968, wanyama wenye macho makubwa na madoa, kwa vipande vya ubao na rangi za mafuta za kupaka baiskeli. Rangi za dukani, kama za abti. Alikufa 1972, polisi walimpiga risasi wakimdhania mwizi, na alikuwa amechora miaka minne tu. Lakini mkono wake haukufa. 2010 ikatoka Tinga Tinga Tales, katuni ya vipindi 52, imetengenezwa Nairobi na wasanii wa Homeboyz, wanyama wake wote wamechukua mtindo wa huyo jamaa wa baiskeli. Ikaonyeshwa hadi Uingereza, na Disney wenyewe wakaionyesha. Umeona? Kumbe njia inaweza kwenda upande wa pili, kutoka ubaoni hadi kwa televisheni.

Halafu Dar hiyo hiyo kuna Ubongo, wanatoa Akili and Me, katuni ya mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro. Akili ana nywele ambazo mtoto wa Kutulo anazijua. Ana uso wa duara pia, kama unatafuta wa kuchora kwa sufuria. Lakini na yeye ana mwenyewe, kwa hivyo uliza kabla.

Na sisi tunao wasio na mwenyewe. Kama ulilelewa na ayeeyo, bibi, unamjua Dhegdheer. Jina lenyewe ni sikio refu. Mwanamke mla watu, sikio moja refu, anaskia hatua zako ukiwa mbali sana. Mimi nililala mapema utotoni kwa sababu yake tu. Kuna Igal Shidad, mwoga na mvivu kuliko wote, anayekimbia hata kivuli. Kuna malkia Araweelo. Hawa hawana kampuni, hawana alama ya biashara, wakili hawezi kukuja na barua. Wameambiwa usiku kwa usiku na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Na hakuna mmoja wao kwa ukuta niliouona.

Nikamwambia abti. Nikamwambia, sikiza, Mickey anajulikana kwa masikio. Na Dhegdheer pia anajulikana kwa sikio. Huyo ni katuni tayari. Akacheka hadi akaweka brashi chini. Akasema watoto watalia, na mama zao watakuja, na mama zao watalia pia.

Nikasema basi umchore amelala. Ama umchore anakimbizwa na wale wasichana wa hadithi, ju mwishowe si yeye anashinda.

Hakunijibu. Akaendelea kumrudishia Mickey masikio, ile kazi aliyoitiwa. Nikamsaidia kushika sufuria. Nyeusi ikaisha akiwa sikio la pili, na nyeusi ya mafuta hapo Kutulo siku hiyo hakukuwa, hadi gari litoke Wajir. Kwa hivyo tukakaa kivulini na chai, Mickey na sikio moja, mbuzi wamerudi mahali pao. Abti akaokota kipande cha makaa. Upande wa ukuta ambao haukuwa umepakwa akachora mstari mmoja mrefu, akaupinda juu, akaufunga. Sikio. Moja, refu, limelala hadi karibu na dirisha.

Watoto walikuwa wanatoka darasani. Wawili wakasimama. Mmoja, wa kike, labda miaka mitano, akauliza ni ya punda? Mwingine akamwangalia, akaangalia sikio, akasema jina polepole kama mtu anayeogopa kuskika. Halafu wote wakakimbia wakipiga kelele, na baada ya dakika moja wakarudi na wengine saba.

Mwalimu alitoka kuangalia kelele ni za nini. Alisimama na mikono kiunoni muda mrefu. Akauliza tu, hiyo ni makaa ama ni rangi?

Ilikuwa makaa. Wiki iliyopita nimetumiwa picha. Mickey amepata sikio lake, jeusi, jipya, linang'aa. Lile lingine bado liko, limepitiwa juu na rangi ya kahawia. Mwili bado haujachorwa. Abti anasema wazee wanaongea.